Mali Bila Daftari: Historia ya Uhamishaji wa Fedha Benki Nchini Rwanda, 1964–2021

Utangulizi

Mwaka juzi mama mkubwa wangu, anayeuza vitenge Nyamirambo, alikwenda benki kumlipa mfanyabiashara mwenzake wa Rusizi. Alijaza fomu, akatia sahihi, karani akagonga mhuri. Kesho yake mwenzake akapiga simu kuuliza fedha ziko wapi. Zilikuwa zimeshaingia, lakini katika akaunti ya mtu mwingine, kwa sababu tarakimu mbili za namba ya akaunti zilibadilishana nafasi. Mama mkubwa alirudi benki akaambiwa kwamba benki haiwezi kuzirudisha yenyewe. Kilichowezekana ni kuiandikia benki ya upande wa pili na kusubiri mwenye akaunti akubali. Aliniuliza: "Mwanangu, fedha ni zangu na kosa linaonekana. Kwa nini wasizitoe tu?" Mimi, msomi wa familia, sikuwa na jibu.

Insha hii ni jaribio la kumjibu. Inafuatilia jinsi fedha zilivyohamishwa kati ya benki nchini Rwanda tangu 1964 hadi 2021, na jinsi kila kanuni ilivyozaliwa na hatari fulani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo nitauliza swali moja katika kila kipindi: daftari lilishikwa na nani, na nani alikuwa na haki ya kufuta mstari uliokwisha kuandikwa?

Daftari la karatasi, 1964–1994

Wakati wa ukoloni Rwanda ilitumia faranga moja na Kongo ya Wabelgiji. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Rwanda na Burundi zilibaki na benki moja ya kutoa fedha, yenye makao Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura. Ushirika huo ulivunjika, na kwa sheria ya tarehe 24 Aprili 1964 ikaundwa Benki Kuu ya Rwanda (BNR). Banque Commerciale du Rwanda ilikuwa imeanza 1963. Banque de Kigali ikafuata 1966. Mwaka 1975 wanavijiji wa Nkamba, mashariki mwa nchi, walipata Banque Populaire ya kwanza.

Katika enzi hiyo kuhamisha fedha kulikuwa safari ya karatasi. Mteja aliandika agizo, karani akalinganisha sahihi yake na ile iliyohifadhiwa kwenye kadi, kisha agizo likasafirishwa. Wawakilishi wa benki walikutana Benki Kuu, wakabadilishana hundi na maagizo, wakapiga hesabu ya nani anamdai nani. Tofauti peke yake ndiyo iliyoandikwa katika akaunti ambazo benki hizo zilikuwa nazo Benki Kuu.

Njia hii iliokoa fedha taslimu, lakini ilikuwa na tundu. Kati ya siku ya agizo na siku ya hesabu, kila benki iliamini kwamba wenzake watalipa. Kama benki moja ingeanguka katikati, hesabu ya wote ingelazimika kufumuliwa upya. Kosa, kwa upande mwingine, lilirekebishika kwa urahisi: karatasi iliyokuwa bado njiani iliweza kurudishwa.

Jeraha la 1994

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yaliua watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda. Ni vigumu kuzungumzia benki mbele ya msiba huo, lakini historia ya fedha nayo ilipita hapo. Serikali iliyopanga mauaji ilipokimbilia Zaire ilibeba noti za Benki Kuu. Serikali mpya ilikuta nchi iliyoporwa, huku kiasi kikubwa cha faranga kikiwa nje ya mpaka mikononi mwa wauaji. Mwanzoni mwa 1995 noti mpya zilitolewa na za zamani zikafutwa, ili fedha iliyoibwa igeuke karatasi tupu.

Naliona tukio hili kuwa somo la kwanza la usalama wa fedha katika Rwanda mpya. Noti humtii anayeibeba. Nchi iliyotaka kusimama tena ilihitaji daftari ambalo haliwezi kupakiwa kwenye lori likavushwa mpaka.

Sheria kabla ya mashine, 2003–2011

Mwaka 2003 benki ziliungana katika kampuni ya SIMTEL, iliyoshughulikia kadi na mashine za kutolea fedha. Baadaye ikaitwa RSwitch. Hatua kubwa ilikuja Februari 2011, Benki Kuu ilipozindua mfumo wa RIPPS. Malipo makubwa na ya haraka sasa yanalipwa moja moja, papo hapo, kutoka akaunti ya benki moja kwenda nyingine ndani ya Benki Kuu. Kama benki inayotuma haina salio la kutosha, agizo halipiti. Hundi na malipo madogo hukusanywa na kufanyiwa hesabu ya pamoja kwa nyakati zilizopangwa. Lile tundu la kuaminiana likazibwa kwa malipo makubwa.

Jambo ambalo wengi hulipita ni mpangilio wa tarehe. Sheria namba 03/2010 kuhusu mfumo wa malipo ilitiwa sahihi tarehe 26 Februari 2010, mwaka mzima kabla ya mashine kuwashwa. Mwezi Mei 2010 ikafuata sheria namba 18/2010, iliyoipa sahihi ya kielektroniki nguvu ya kisheria. Kabla yake, mwaka 2008, sheria namba 47/2008 dhidi ya utakatishaji fedha ilikuwa imezitaka benki kumtambua mteja, kuhifadhi kumbukumbu na kutoa taarifa za miamala yenye shaka. Kadi ya sahihi ya karani wa zamani ikawa kitambulisho, namba ya siri na kumbukumbu isiyofutika.

Hatari mpya

Kasi ina gharama yake. Februari 2016 wezi waliingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma maagizo ya uongo ya karibu dola bilioni 1 kupitia mtandao wa SWIFT. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino na nyingi hazikuonekana tena. Dola milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu jina la mpokeaji lilikuwa na kosa la tahajia, na mtu akauliza. Mashine ilitii, aliyeokoa ni msomaji makini.

Rwanda ilitunga sheria namba 60/2018 dhidi ya uhalifu wa mtandao. Wakati huohuo uhamishaji wa fedha ulikuwa umeshatoka benki na kuingia mfukoni, kwani MTN ilianza huduma ya fedha kwa simu nchini mwezi Februari 2010. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, ada za kutumiana fedha kwa simu ziliondolewa kwa muda, na waliokuwa wakiogopa teknolojia wakajifunza kwa lazima. Mwaka 2021 zikaja sheria tatu: namba 017 ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, namba 058 ya kulinda taarifa binafsi, na namba 061 iliyochukua nafasi ya sheria ya malipo ya 2010.

Hitimisho

Sasa naweza kumjibu mama mkubwa. Benki haikuzirudisha fedha zake kwa sababu malipo yaliyokamilika hayafutwi kwa neno la aliyetuma. Kama yangefutwa hivyo, mlaghai angechukua vitenge vyake asubuhi na kughairi malipo jioni. Kanuni iliyomliza ndiyo inayomlinda kila siku anapouza.

Hata hivyo jibu hilo halimalizi deni. Kwenye simu, jina la mpokeaji huonekana kabla hujathibitisha. Fomu ile ya karatasi haikumpa nafasi hiyo. Ukamilifu wa malipo ulitungwa ili benki ziaminiane, lakini mzigo wa kosa dogo ukamwangukia mwenye duka. Fedha zake zilirudi baada ya wiki tano, mwenye akaunti alipokubali. Katika wiki hizo alikopa ili amlipe mwenzake wa Rusizi. Daftari letu la leo haliporwi kirahisi, na hilo ni mafanikio makubwa kwa nchi iliyoanza upya 1994. Kazi iliyobaki ni kulifanya daftari hilo lisikie haraka pale mtu mnyonge anapolionyesha kosa.

Nilimweleza haya yote jikoni kwake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba siku hizi, kabla ya kutia sahihi, anamsomea karani namba ile kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine.