Mohamed Husen: Askari wa Mahiwa aliyeingia katika filamu za Berlin

MWIGIZAJI Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeonekana katika filamu zaidi ya 20 za Ujerumani, alifariki dunia Novemba 24, 1944 katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin.

Husen, ambaye jina lake la awali ni Mahjub bin Adam Mohamed, alizaliwa mwaka 1904. Baba yake, mwenye asili ya Sudan, alikuwa askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani. Akiwa bado mtoto alikijua Kijerumani na kufanya kazi ya ukarani mjini Lindi, kabla ya kuingia vitani pamoja na baba yake mwaka 1914.

Machi 1916 meli ya Kijerumani, Marie, ilipenya vizuizi vya Waingereza na kushusha silaha katika ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi. Oktoba 1917, katika mapigano makali ya Mahiwa, Husen alijeruhiwa na kutekwa.

Mwaka 1929 alifika Berlin kudai malimbikizo ya mishahara yake na ya baba yake, lakini aliambiwa kuwa amechelewa. Alibaki huko akihudumu mgahawani, akifundisha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza.

Filamu zake mbili, Die Reiter von Deutsch-Ostafrika (1934) na Carl Peters (1941), ziliongozwa na Herbert Selpin. Mwongozaji huyo alianzia kazi enzi za filamu zisizo na sauti, katika utayarishaji wa Faust (1926) ya F. W. Murnau, bingwa wa kusimulia kwa mwanga, kivuli na mwendo wa kamera.

Katika Carl Peters, ufundi huo ulitumika kumtukuza mkoloni. Husen aliigiza mkalimani wake, Ramasan, nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Agosti mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani mweupe, akapelekwa kambini bila kufikishwa mahakamani. Selpin naye alikamatwa mwaka 1942 kwa kuwakashifu maofisa wa jeshi alipokuwa akitengeneza Titanic, na alikutwa amekufa mahabusu.

Mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu ya Husen liliwekwa mbele ya nyumba aliyoishi Berlin. Mwaka 2013 mwongozaji Eva Knopf, katika Majubs Reise, alikusanya vipande ambamo Husen alionekana kwa sekunde chache kama mtumishi au mpagazi, na kumfanya mhusika mkuu.