Urefu wa Neno katika Kompyuta: Istilahi Moja, Vipimo Vitatu

Istilahi inayobeba dhana zaidi ya moja huweza kuzusha hitilafu hata katika mitambo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi jambo hilo lilivyotokea katika terminali za kompyuta.

Skrini ya terminali imegawanywa katika nafasi zilizo sawa. VT100, iliyotolewa Marekani mwaka 1978, kwa kawaida ilionyesha mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja. Kwa kuwa kila herufi ya Kiingereza ilihifadhiwa kwa baiti moja na kuonyeshwa katika nafasi moja, watunzi wa programu walizoea kuhesabu baiti na kuiita hesabu hiyo “urefu”.

Mwaka huohuo Japani ilitoa kiwango cha JIS C 6226, chenye alama 6,802, zikiwamo kanji 6,349. Wingi huo haukuweza kuenea katika baiti moja. Kila alama ikapewa baiti mbili. Tena, kwa kuwa kanji ina mikato mingi, ilichorwa katika nafasi mbili. Hivyo, katika mfumo wa Shift JIS, baiti na nafasi ziliendelea kulingana, na kosa likabaki limejificha.

Lilifichuka ulipoenea mfumo wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992. Humo, jina la Japani kwa kanji ni alama 2, baiti 6, nafasi 4. Programu iliyohesabu baiti au alama ilikiweka kishale mahali pasipo pake: majedwali yakapinda, na herufi zilizofutwa zikaacha mabaki. Anayesaka kosa hilo hana budi kuuliza kwanza: ni kipi kilichohesabiwa?

Je, Kiswahili kimesalimika? La. Neno “ng’ombe”, likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda, lina alama 7 lakini baiti 9. Aidha, Unicode huihesabu ritifaa hiyo miongoni mwa alama zenye upana usio dhahiri. Kwa hiyo terminali iliyopangwa kwa lugha za Asia ya Mashariki huweza kulipa neno hilo nafasi 8.

Tunapendekeza basi wafasiri wasitumie “urefu” pekee. Waseme “idadi ya baiti” panapohusika hifadhi, “idadi ya alama” panapohusika maandishi, na “idadi ya nafasi” panapohusika skrini. Na mfasiri anayeagizwa kwamba tafsiri yake isizidi urefu wa 20, ana haki ya kuuliza: 20 za nini?