Nani Anakujua Hapa?

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa Ilala, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati ukitoka barazani hadi uani, na huko uani jiko, bafu, choo na bomba. Chumba cha kwanza kulia alilala yeye. Cha pili tulilala wajukuu. Vinne alipangisha. Nyumba za namna hiyo zilijaa Kariakoo, Ilala, Magomeni na Buguruni, na ingawa zinazidi kuvunjwa kupisha maghorofa, ndizo zilizowapokea watu walioijaza Dar es Salaam.

Vitabu vya historia ya mji huu husimulia magavana, viwanja na chama cha TANU. Jambo lililozungumzwa kuliko yote uani kwetu silioni humo: nani ni mtu wa nyumba hii, nani ni mgeni, na huyo mgeni anakuwa mtu wa nyumba lini? Naliandika hapa kama nilivyolikuta na kama nilivyokuja kulielewa ukubwani.

Sensa ya 1957 iliikuta Dar es Salaam ina watu karibu 129,000. Miaka kumi baadaye walikuwa karibu 273,000. Wengi katika ongezeko hilo walishuka kwa treni, kwa basi au kwa jahazi, mkononi wana furushi na kichwani wana majina mawili, la mtu na la mtaa. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyesimamia uchunguzi wa maisha ya mji mwaka 1956, alieleza katika kitabu chake cha 1963 jinsi mtu anayeingia mjini anavyomtafuta ndugu, na akikosa ndugu, mtu wa kwao. Usiku wa kwanza wa maisha ya mjini ulilaliwa sakafuni kwa mtu. Kwa hiyo kanuni za kumpokea mgeni ndizo zilizokuwa lango la mji.

Kwa bibi, kanuni ya kwanza ilikuwa mgeni halali kabla hajaonwa. Mpangaji akipata mgeni, hata iwe saa tano za usiku, alimleta mlangoni kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi? Nani anakujua hapa?"

Swali la pili hakuulizwa mgeni, ingawa macho ya bibi yalikuwa kwake. Mpangaji ndiye aliyejibu: "Namjua mimi, bibi. Mtoto wa mama mdogo." Akishasema hivyo amejifunga. Mgeni akirudi amelewa, akivunja beseni la mtu, akimtazama binti wa watu vibaya, bibi hakumwita mgeni. Alimwita yule aliyesema namjua mimi. Nimeona mtu mzima, karani wa ofisi, akilipa sufuria la jirani kwa sababu ya shemeji yake aliyekwisha rudi Tabora.

Kanuni ya pili ilikuwa ya malazi. Chumba cha mke na mume hakikulaza mgeni wa kiume. Alitandikiwa jamvi ukumbini watu wakishalala na komeo kufungwa, na alitakiwa awe amelikunja kabla ya adhana ya alfajiri, ili wanawake wapite kwenda uani bila kuruka miguu ya mtu. Mgeni wa kike alilala na sisi wajukuu. Hapo lazima niseme pia kwamba mwanamke aliyekuja mjini peke yake, bila kaka wala mume, aliulizwa mambo ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kuulizwa katika nyumba ile. Bibi, ambaye mwenyewe aliingia mjini peke yake, ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Halikuwa jambo la haki.

Kisha ufagio. Shamba, mgeni akizidisha siku hupewa jembe. Kwetu alipewa zamu. Kufagia uani na kuosha choo kulikwenda kwa vyumba, leo cha tatu, kesho cha nne, na mgeni aliyekaa mpaka mwezi mwingine ukaandama alishika zamu ya chumba alichofikia. Baada ya hapo aliingia katika hesabu ya maji. Umeme ulikuwa na ugomvi wake: bili iligawanywa kwa taa, mwenye pasi akaongeza, mwenye friji akaongeza zaidi, na mgeni mwenye redio ya kuchomeka ukutani aliwagawa watu makundi mawili wiki nzima. Lakini tangu siku aliyoshika ufagio, hakuna aliyemwita tena mgeni wa fulani. Aliitwa kwa jina lake. Chumba kikiwa wazi, aliulizwa yeye kabla ya mtu wa nje.

Kipimo kikubwa kuliko vyote kilikuwa msiba. Nilikuwa darasa la nne alipofariki kijana mmoja aliyekuja kwa mpangaji wetu kutafuta kazi. Aliugua, akalazwa, hakurudi. Kwao kulikuwa mbali na simu ya maandishi ilichelewa. Wapangaji walianza kuulizana kwa sauti ya chini maiti ipelekwe wapi. Bibi alitoka chumbani amejitanda kanga, akasema amefia mikononi mwetu, mikeka itandikwe. Uani pakawa pa wanawake, barazani wanaume. Kila chumba kilichangia sanda, hata kile ambacho mwenyewe alikuwa hasemezani na mwenyeji wa marehemu. Ndugu zake walipofika siku ya tatu, walikuta matanga yanaendelea na watu wasiowajua wakiwapa mkono wa pole. Sijaona katiba ya chama chochote iliyoeleza uanachama waziwazi kuliko siku zile.

Ukali wa mlangoni ulikuwa na chanzo chake. Serikali ya Kiingereza ilimwona Mwafrika mjini kama mtu wa kupita, aliyekuja kufanya kazi na ambaye kazi ikiisha arudi kwao. Sheria ya 1944 iliwapa watawala uwezo wa kuwaondoa mijini wale walioitwa wasiotakiwa, yaani wasio na ajira, na kuwarudisha wilayani kwao. Miaka ya 1950 misako ya stakabadhi za kodi ilikuwa jambo la kawaida. Mgeni asiyejulikana hakuwa tu mdomo wa ziada. Alikuwa sababu ya mlango kugongwa. Bibi alipouliza nani anakujua hapa, alijua vizuri askari angeuliza nini.

Baada ya Uhuru, swali la bibi likawa la chama. TANU, mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliwapanga watu kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na mjumbe wake, ambaye mitaani tulimwita balozi. Alisuluhisha ugomvi, alikusanya michango, alipeleka habari juu na kuzileta chini, na aliandika wageni. Balozi wetu alikuwa fundi cherehani. Daftari lake, la jalada gumu lenye mgongo mwekundu, lilikaa chini ya vitambaa vya wateja, na kurasa zake zilipigwa mistari kwa kalamu ya risasi: jina la mgeni, alikotoka, amefikia kwa nani, amekuja kwa shughuli gani. Bibi hakulipenda mwanzoni. Aliona amechukuliwa kazi yake. Baadaye aliliona lina faida, kwa sababu mgeni aliyeandikwa aliweza kupata barua ya utambulisho ya kumpeleka hospitali, shuleni au kazini, na barua ya balozi ilifika mahali ambapo neno la mwanamke wa Ilala lisingefika. Hasara nayo ilikuwapo: yaliyosemwa uani yalijua njia ya kwenda ofisi ya tawi. Kenya ilipoanzisha utaratibu wenye jina hilohilo la Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, shabaha ilikuwa usalama. Kwetu usalama ulikuwa sehemu ya kazi ile, lakini balozi huyohuyo ndiye aliyesimamia mchango wa sanda.

Halafu ikaja njaa ya vitu. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, ukame, na maduka ya watu binafsi yaliyofungwa katika Operesheni Maduka ya 1976: mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni, unga na mafuta ya kupikia viligawiwa. Yakaanzishwa maduka ya kaya. Mkuu wa kaya anaandikishwa, watu wake wanahesabiwa, balozi anathibitisha, na mgawo unakwenda kwa idadi. Basi lile swali la nani ni mtu wa nyumba likapata uzito wa kilo.

Mabishano ya siku ile ya kuandikisha yalianza baada ya chai na kwisha baada ya magharibi. Nyumba moja ya vyumba sita ni kaya moja au tano? Mpangaji mmoja alitaka bibi aandikishe wote kwa jina lake, apate mgawo mkubwa, kisha wagawane. Bibi alikataa. Alisema anayegawa sukari ya watu hulala na maneno ya watu. Mwisho walikubaliana kufuata chungu: wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Hapo wakabaki vijana wawili, makuli wa bandarini, waliokula kwa mama lishe na hawakuwa na chungu. Mke wa karani akasema wataandikwa kwake, na kuanzia siku hiyo wakawa wanakula kwake na kumletea kuni. Sukari ndiyo iliyowafanya ndugu, na walibaki ndugu sukari ilipopatikana tena madukani.

Wageni je? Mama mmoja kutoka Kilwa alikuwa amemleta mtoto kwa matibabu na alikaa miezi. Mpangaji wa chumba cha tano alikuwa na mpwa anayefanya biashara ya maembe, anakuja na kuondoka. Bibi alitoa kauli ambayo mpaka leo naiona ya hekima: mgeni wa maradhi ataandikwa, mgeni wa faida atajitafutia. Mwenye mpwa alinuna. Aligundulika pia ameandikisha watoto watatu walioko kwao Morogoro, na wenzake, si balozi, ndio waliomwambia awafute.

Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na misako ya wasio na kazi ikaanza mjini. Mgeni wa siku mbili na mzururaji wa miaka miwili walionekana sawa. Kijana aliyefikia kwetu kutoka Singida alichukuliwa sokoni. Walikwenda kumfuata watu watatu: mpangaji wake, balozi na daftari kwapani, na bibi mwenye miguu ya kuvimba. Ukurasa ulionyesha tarehe aliyofika na kwamba amekuja kufanya usaili. Aliachiwa jioni ile.

Siisimulii nyumba ile kwa kuitukuza. Ilikuwa na udhaifu mkubwa, nao ni kwamba kila kitu kilisimama juu ya mtu mmoja. Bibi alipofariki, warithi waliuza. Wapangaji, wengine wakiwa na miaka ishirini mle ndani, walipewa muda mfupi watoke, na hakuna aliyewauliza nani anawajua. Walikuwa watu wa nyumba kwa zamu, kwa maji, kwa msiba. Katika karatasi hawakuwamo.

Kilichowapata wao kilitokea pia kwa kiwango cha mtaa mzima. Kurasini, eneo lilipochukuliwa kwa upanuzi wa bandari, fidia ilikwenda kwa wenye nyumba. Wapangaji hawakuwa na cha kudai. Baadhi ya waliohamishwa, wapangaji wakiwamo, walijiunga katika ushirika wa nyumba, wakaweka akiba na kununua ekari 30 Chamazi, nje kidogo ya mji. Magomeni Kota nayo ilikwenda kwa orodha: wakazi waliondolewa, wakasubiri miaka, na nyumba mpya zilipozinduliwa mwaka 2022 zilitengwa kwa kaya 644 zilizotambuliwa. Kuwamo au kutokuwamo katika orodha kulikuwa ndiyo habari yote.

Ndiyo sababu nilipochaguliwa kuwa katibu wa chama chetu kidogo cha ushirika wa nyumba, nilianza na kifungu cha wageni kabla ya kifungu cha hisa. Rasimu niliyoandika inasema mwanachama hamwombi mtu ruhusa ya kupokea mgeni, ila ndani ya siku tatu amtambulishe kwa majirani wa pande zote mbili, na kwa kila alifanyalo mgeni anajibu yeye. Inasema mgeni akifikisha miezi mitatu anaandikwa mkazi: anashika zamu ya usafi, analipia maji, anaweza kusema mkutanoni bila kupiga kura. Na inasema mwanachama akifariki, mkazi aliyeandikwa hatolewi mpaka arobaini ipite na mkutano umsikilize.

Vijana wetu wanataka siku kumi na nne na ada kwa kila usiku unaozidi, kama wanavyoona kwenye majengo ya kupanga Mikocheni. Mweka hazina yuko upande wao. Pampu inakula fedha, na ana haki ya kulalamika. Nimewajibu kwamba maji yana mita, basi tulipishe maji, tusimlipishe mtu kulala kwa dada yake. Kifungu cha arobaini ndicho kinachobishaniwa zaidi, kwa sababu warithi watataka kuuza hisa haraka. Mkutano mkuu ni mwezi ujao. Siku tatu nitakubali ziwe saba, miezi mitatu nitakubali iwe sita, lakini hicho cha mwisho nitakipigia kura peke yangu ikibidi.