Mrehani wa Mtoni haukupita forodhani

Karafuu imeandikwa mno, na Mtoni ya Unguja haikosekani katika habari zake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Saleh bin Haramil al-Abry alipanda mikarafuu hapo na Kizimbani. Baadaye Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, akayatwaa mashamba yake, na inasimuliwa kwamba aliamuru kila mnazi mmoja uende na mikarafuu mitatu. Forodha ikahesabu frasila, wanahistoria wakaifuata hesabu. Mrehani haukutozwa ushuru, basi nani auandike?

Kasri la Mtoni, kilomita chache kaskazini mwa Mji Mkongwe, lilijaa masuria na watoto wa Seyyid. Humo ndimo alimozaliwa binti yake Sayyida Salme mwaka 1844, yule ambaye kitabu chake cha 1886, kilichochapwa Ujerumani, kinataja mabafu, tausi na paa wa uani. Mama yake alikuwa Mcherkesi. Masuria wengine walitoka Uhabeshi, na mabwana wenyewe Oman. Huko Oman, kwenye mawe na mchanga, huota salvia ya jangwani, kijiti kifupi cha maua ya urujuani hafifu. Ni cha ukoo mmoja na mrehani wetu. Ukitaka ushahidi, papasa shina la mrehani: lina pembe nne. Majani yameelekeana mawili mawili. Loweka mbegu, zitavaa ute. Ndizo hizo tukmaria za kwenye faluda. Kivumbasi, kinachofukizwa kufukuza mbu, nacho ni cha ukoo huohuo, ila hakuna bibi harusi anayekivaa.

Anachovaa ni kikuba. Vitawi vya mrehani, asumini ambazo hazijachanua, vipande vya mkadi, na kilua kikipatikana, vyote hufungwa kwa uzi na kupachikwa kifuani. Watu husifu asumini, lakini asumini hunywea upesi. Kwa pua yangu, kazi ya usiku kucha ni ya mrehani, hasa ukiminywa na nguo.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na waliopanda upya wakangoja miaka kabla ya kuchuma. Kasri nalo likaungua mwaka 1914. Mrehani, ukisia mbegu leo, miezi miwili tu unachuma. Ukiuachia maua yote hukomaa na kukakamaa, kwa hiyo wenye nao hukata vichwa kila mara, na vichwa hivyo vyenye maua ndivyo vinavyoingia kwenye kikuba.