Mantabali, Chakula Chetu Kilichopewa Jina la Pizza

Nimepewa nafasi ya kuandika katika kitabu hiki cha kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hivyo msomaji akikuta pahala nimeteleza anisamehe. Bi Katibu ndiye aliyenishikilia niandike historia. Nikamuuliza, "Historia ipi mwenzangu?" Akasema, "Andika ile safari yetu ya Forodhani, na lile neno la chuma." Basi nimekubali, ingawa neno la chuma linanihusu mimi mwenyewe na si la kujisifia.

Tulipokaa kikao cha kupanga sherehe, mwenzetu mmoja anayepika mantabali alitoa rai kwamba twende sote Forodhani jioni moja, tukale kwenye meza ya mzee mmoja ambaye yuko pale tangu wengi wetu tu wasichana. Wengine wakapinga. Mmoja akasema fedha za kikundi si za kuliwa. Mwengine akasema, "Ati pizza! Hiyo si ya Wataliano? Sisi na pizza wapi na wapi?" Tukakubaliana kila mtu ajilipie nauli na chakula chake, na kisanduku kisiguswe. Lile swali la pili likabaki, na ndilo nnalotaka kulijibu hapa.

ASILI YA MANTABALI

Kitu ambacho leo wageni wanakiita pizza ya Zanzibar, sisi tulilelewa tukikiita mantabali. Jina lenyewe ni la Kiarabu, mutabbaq, maana yake kilichokunjwa. Na kweli kinakunjwa. Unakanda unga wa ngano na maji, chumvi na mafuta, unagawa madonge, unayapaka mafuta na kuyaacha yatulie. Donge likishalegea unalitandaza kwa vidole mpaka liwe jembamba kama kitambaa, ukiweka mkono chini yake unauona. Katikati unaweka kipande kingine kidogo cha unga ili pasitoboke, halafu kima iliyokwisha kupikwa, kitunguu, pilipili boga, na yai unalivunja juu yake. Unachanganya palepale, unakunja pande nne kama bahasha, unakaanga juu ya chuma cha moto mpaka pande zote ziwe rangi ya dhahabu.

Chakula hiki si cha Unguja peke yake. Kinapikwa Yemen na Saudi Arabia kwa jina hilohilo la mutabbaq. Huko Malaysia na Singapore wanakiita murtabak. Mwanangu alinisomea kwamba Singapore upo mkahawa mmoja unaoitwa Zam Zam, unatazamana na Msikiti wa Sultani, na umekuwa ukiuza murtabak tangu mwaka 1908. Nilifurahi kusikia hivyo. Ikiwa watu wa kule wanakula kitu kimoja na sisi tulio huku, basi si ajabu, kwani bahari ni moja. Majahazi yalikuwa yakishuka na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakirudi na kusi, na katika majahazi hayo hawakuja na mizigo tu, walikuja na mapishi pia. Ngano hatulimi hapa kwetu, daima imekuja na chombo. Sambusa, chapati na mantabali vyote ni watoto wa safari hizo.

Na nyanya nazo, na pilipili, wala tusidhani ni zetu tangu zamani. Asili yake ni Amerika, zikasambazwa duniani na Wareno na Wahispania baada ya safari za miaka ya 1490. Kwa hivyo hata Mtaliano wa Napoli anayejivunia pizza yake, nyanya yake ni mgeni kama ilivyo mgeni kwetu. Hadithi inayosimuliwa kule ni kwamba mwaka 1889 mpishi Raffaele Esposito alimpikia Malkia Margherita pizza yenye nyanya, jibini na majani ya kijani, nayo ikaitwa kwa jina la malkia. Wapo wanahistoria wasioiamini hadithi hiyo. Lakini lililo wazi ni kwamba pizza ilikuwa chakula cha watu wa chini, cha kuliwa barabarani, kabla haijawa ya mahotelini. Mwaka 2017 UNESCO waliiweka kazi ya wapishi wa pizza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nnakwambia, mpishi wa barabarani asidharauliwe.

JINSI MANTABALI ILIVYOKUWA PIZZA

Mama zetu walitusimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 70 unga wa ngano, mchele na sukari viliadimika sana, watu wakipanga foleni kupata kidogo. Katika hali hiyo mantabali ilikuwa ya siku kubwa. Katikati ya miaka ya 80 biashara ilifunguliwa, bidhaa zikaanza kuingia, na mwaka 1987 ikaundwa Kamisheni ya Utalii. Watalii wakaanza kuja kwa wingi. Wakifika Forodhani jioni wanaona kijana anatandaza unga, anaweka nyama na mboga juu, wanauliza, "Hii nini?" Kumweleza mgeni neno mantabali ni kazi. Kumwambia pizza, ameshaelewa. Jina likakaa. Na jina likaleta na vitu vyake: jibini, mayonezi, kisha wakaja na ya ndizi na chokoleti, ya embe, kila kijana na ubunifu wake. Bibi yangu angeiona mantabali ya chokoleti angesema watoto wamerukwa na akili.

Mimi zamani nilikuwa nikichukia jina hilo. Nikiona tumenyang'anywa kitu. Sasa nimebadilika kidogo. Mgeni njoo mwenyeji apone. Kijana aliyekiita chakula chake pizza amesomesha watoto. Ila nawaomba kina mama wenzangu, nyumbani tuendelee kusema mantabali, ili wajukuu wajue majina yote mawili.

FORODHANI YENYEWE

Forodhani ni pale palipokuwa forodha, mizigo ya vyombo ikitozwa ushuru. Nyuma yake ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoshwa mwaka 1698. Pembeni ipo Beit el Ajaib, ya Sultani Barghash, ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020, tukalia kama tumefiwa, na watu wawili walifariki kweli. Bustani yenyewe ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Harub katika kiti, ikaitwa Bustani ya Jubilii. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Na mwaka 2008 hadi 2009 bustani ikafanyiwa matengenezo makubwa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, ndipo ikawa na taa, njia na viti hivi tunavyoviona.

Taa hizo nazo hazikukaa sana. Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, na tulikaa gizani karibu miezi mitatu. Wapishi wa Forodhani waliendelea kwa taa za mafuta. Jiko lao ni la makaa, halisubiri umeme.

NENO LA CHUMA

Sasa nifike pale Bi Katibu alipopataka. Kikundi chetu tulikianza mwaka 2015, huku kwetu Ng'ambo. Kabla ya hapo tulikuwa tukicheza mchezo tu, kila wiki mmoja anapokea. Tukaona mchezo haukopeshi mtu mwenye shida katikati, tukaanza hisa, mkopo na mfuko wa jamii, na kisanduku cha kufuli tatu, funguo kwa watu watatu.

Mwenzetu huyu wa mantabali alikuwa akikanda madonge na kupika kima nyumbani, na mtoto wake anakaanga Forodhani. Alikopa kununua unga, mafuta na chuma kipya kizito. Alikuwa akilipa vizuri. Machi 2020 ikaja korona, ndege za watalii zikasita. Forodhani pakawa kimya, upepo tu. Kijana akarudi nyumbani na chuma begani. Mwezi wa kwanza hakulipa, wa pili hakulipa.

Kamati tukakaa. Mimi ndiye niliyesema, na nasema hapa wazi kwa kuwa nataka historia iwe ya kweli, kwamba tuchukue chuma kiwe rehani mpaka alipe. Nilihofia wengine nao wangeacha kulipa, na fedha zile ni jasho la wanawake. Tukaenda watatu. Alitukaribisha, akatupa maji, akakitoa chuma mwenyewe bila ya neno. Wakati wa kukipakia mkokotenini kikatuponyoka, mkono wake mmoja ukakatika. Nikakiweka chini ya kitanda changu.

Kikakaa wiki sita. Kila nikifagia ufagio unagonga. Siku ya kikao, mwanachama wetu mkubwa kuliko wote kwa umri, ambaye kwa kawaida huja, hutoa hisa yake, husinzia, akanyanyua kichwa akauliza, "Mwenyekiti, chuma kiko wapi?" Nikasema kwangu. Akasema, "Na deni atalilipa kwa kitu gani? Kwa machozi?" Kikao kizima kimya. Sikuwa na jawabu mpaka leo.

Siku ile ile jioni nikakirudisha, mimi na mjukuu wangu. Akaanza kukaanga mlangoni kwake, mantabali ndogo ndogo za majirani, bila jibini, kima kidogo, kitunguu kingi na yai la kugawa. Bei ya mtaani. Watoto wakawa wanakuja na sarafu zao. Faida ilikuwa ndogo, lakini kila wiki alileta chochote, hata kama ni cha kuandikwa kwa penseli. Katikati ya mwaka 2021 deni likaisha. Na mama wengine waliokwama tuliwapa muda hivyohivyo, na waliokopa wote wakamaliza kulipa. Hofu yangu haikuwa na msingi.

Kutoka hapo tukaandika katika kanuni zetu: kikundi hakitachukua rehani ya chombo cha kazi, si cherehani, si jiko, si chuma. Kanuni hiyo ipo mpaka sasa, ukurasa wa pili wa daftari.

JIONI YETU

Basi tukaenda. Tulishuka Darajani tukatembea kwa miguu, na magharibi ikatukuta baharini, vijana wanaruka majini kutoka ukutani, wauza juisi ya miwa wanasaga. Yule mzee alikuwepo mezani kwake. Alituambia alianza na jiko moja na taa ya karabai, na kwamba anaowafundisha kazi huwaanzisha kwa kukata vitunguu kwanza, unga baadaye. Mtoto wa mwenzetu ni mmoja wa aliowafundisha, na sasa meza zao zimepakana.

Tulikaa kwa kijana. Nikamwona anatandaza donge, anazungusha, anavunja yai kwa mkono mmoja. Nikatazama chuma. Mkono mmoja hauna. Nikakijua.

Yangu ilipokuwa tayari, mama yake aliipokea, akanyunyiza pilipili, akaniletea mwenyewe mbele ya wote. Akasema, "Kula Mwenyekiti, imetoka kwenye kile ulichokilaza chini ya kitanda." Wenzangu wakacheka mpaka watalii wakageuka. Nami nikacheka, ingawa uso ulinichoma. Nikamwomba radhi pale pale, jambo ambalo kwa miaka yote sikulifanya kwa mdomo. Akanijibu, "Kula kwanza, inapoa."

Yule aliyesema sisi na pizza wapi na wapi, alikula mbili. Moja ya kima, moja ya ndizi.

Ndugu zangu, nimeandika haya ili wenye kutuongoza miaka kumi ijayo wajue kwamba kikundi hiki kimejengwa na watu, na watu hukosea, mimi nikiwa wa mwanzo. Kisanduku kina kufuli tatu, lakini mali yetu kubwa iko nje ya kisanduku: iko mikononi mwa wanaokanda, wanaoshona na wanaokaanga. Tusiwafunge mikono.

Udumu umoja wetu.

Mwenyekiti