Mabunge ya Majimbo na Mabomba ya Gesi Nchini Marekani

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza jambo moja katika historia ya uchumi wa Marekani ambalo, kwa maoni yetu, halijapewa uzito unaostahili katika madarasa ya siasa. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini wabunge wa majimbo yenye gesi asilia nchini humo, ambao leo wamo katika mstari wa mbele kuyatetea mabomba na makampuni yanayoyamiliki, waliwahi kutunga sheria za kuyazuia mabomba hayo hayo yasivuke mipaka ya majimbo yao? Wanafunzi wetu wengi hujibu mara moja kwamba wabunge hao wamenunuliwa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Hapana budi tuulize pia ni kitu gani hasa walichobaki nacho cha kuuza.

Tunaposema jimbo hapa hatuna maana ya jimbo la uchaguzi. Marekani ni shirikisho, na kila jimbo lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake, na Bunge lake lenye mamlaka juu ya kodi, barabara, ardhi na polisi. Lakini Katiba ya shirikisho imeiweka biashara ya kati ya jimbo na jimbo mikononi mwa Bunge la shirikisho, yaani Kongresi. Kifungu hicho ni kifupi mno. Hata hivyo ndicho kilichotumiwa na mabepari wa gesi kama shoka.

Hapana budi pia kuielewa bidhaa yenyewe. Mafuta yanaweza kutiwa katika mapipa, yakapakiwa katika behewa au meli, yakatafuta mnunuzi. Gesi, kwa sehemu kubwa ya historia tunayoieleza, haikuwa na njia nyingine ya kusafiri ila bomba. Mwenye kisima asiye na bomba hana soko. Na mwenye bomba, hata kama hana kisima hata kimoja, anaweza kupanga bei ya kununulia huku na bei ya kuuzia kule. Zaidi ya hayo, sheria za Marekani huyahesabu madini yaliyo chini ya ardhi kuwa mali ya mwenye shamba, na gesi huhesabiwa kuwa ya yule aliyewahi kuitoa. Kwa kuwa gesi hutembea ndani ya mwamba, jirani anayechimba kwa kasi huivuta hata iliyo chini ya shamba lako, nawe huna pa kushitaki. Utaratibu huo ulimlazimisha kila mtu kuchimba haraka na kuuza haraka kwa bei yoyote iliyotajwa na mwenye bomba.

Indiana ndiko mgogoro ulikojitokeza mapema. Gesi iligunduliwa huko mwaka 1886, na kwa muda wa miaka michache miji kama Muncie, Kokomo na Anderson ilishindana kuwapa wenye viwanda gesi ya bure ili waje. Viwanda vya vioo vilifurika. Usiku mienge ya gesi iliachwa ikiwaka mashambani kama mapambo, na mchana haikuzimwa kwa sababu kuizima kulionekana ni taabu isiyo na faida. Mwaka 1889 Bunge la Indiana lilipiga marufuku kuisafirisha gesi nje ya jimbo. Mwaka huo huo mahakama ya juu ya Indiana yenyewe ikaibatilisha sheria hiyo kwa hoja ya biashara ya kati ya majimbo. Mwaka 1891 Bunge likapiga marufuku mienge. Bomba la kwenda Chicago nalo likaanza kazi, na kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hazina ile kubwa ilikuwa imekwisha nguvu. Viwanda vingi vilivyofuata gesi ya bure vikafungwa au vikahama.

Wabunge wa Oklahoma walikuwa na mfano huo mbele yao. Oklahoma ikawa jimbo tarehe 16 Novemba 1907. Tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, kabla jimbo halijatimiza hata siku arobaini, Bunge lake lilipitisha sheria iliyosema kwamba kampuni ya bomba la gesi lazima iandikishwe ndani ya Oklahoma, na kwamba hati yake iiruhusu kusafirisha gesi ndani ya mipaka ya jimbo tu. Kampuni ngeni zilinyimwa haki ya kuvuka barabara za umma na haki ya kutwaa ardhi ya watu kwa ajili ya mabomba. Sheria iliweka pia kikomo cha msukumo wa gesi ndani ya bomba, ratili 300 kwa kila inchi ya mraba. Kikomo hicho kilikuwa na maana yake, kwa sababu gesi isiyosukumwa kwa nguvu haifiki mbali.

Baadhi ya waandishi huisifu sheria hiyo kama tendo la umma dhidi ya ukiritimba. Sisi tunaona sifa hiyo inahitaji kupunguzwa. Siku tatu tu kabla yake, tarehe 18 Desemba, ilitiwa saini sheria iliyotokana na Muswada wa kwanza kabisa wa Seneti ya Oklahoma, nayo ilikuwa sheria ya kuwatenga watu weusi katika mabehewa na vyumba vya kungojea treni. Na nusu ya jimbo hilo ilikuwa, hadi mwezi mmoja nyuma, nchi ya mataifa ya Wahindi Wekundu: Cherokee, Creek, Choctaw, Chickasaw na Seminole. Mwaka 1905 mataifa hayo yalijiandikia katiba na kuomba kuwa na jimbo lao, lililopewa jina la Sequoyah. Kongresi ikakataa. Kwa hiyo Bunge lililosimama kusema "gesi hii ni yetu" lilikuwa limekwisha kuamua ni nani wasiohesabiwa katika neno "yetu". Walioitarajia faida ya sheria hiyo hasa ni wenye viwanda vya ndani na wafanyabiashara wa viwanja, ambao walitaka gesi rahisi ili kuvuta mtaji uje mjini kwao kama ilivyokuwa Muncie.

Lakini upungufu wake mkubwa zaidi ulikuwa katika msingi wa uchumi. Sheria ile haikugusa umiliki. Gesi iliendelea kuwa mali ya mtu binafsi tangu ilipotoka kisimani. Bunge, kwa kuwa halikuwa na gesi, lilijaribu kuikamata kwa kutumia kitu lilichokuwa nacho, yaani barabara. Ni kama mtu asiye na ng'ombe anayejaribu kuwa tajiri wa mifugo kwa kufunga njia ya kwenda mnadani.

Kampuni ya Kansas Natural Gas ikashitaki, na tarehe 15 Mei 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu. Jaji McKenna, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alisema kwamba gesi ikishatolewa ardhini ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Kama Oklahoma inaweza kuizuia gesi yake, basi Pennsylvania itazuia makaa yake ya mawe, majimbo ya kaskazini magharibi yatazuia mbao zao, na majimbo ya migodi yatazuia madini yao. Majaji watatu hawakukubali, akiwemo Holmes. Hata hivyo, hoja ya McKenna ilikuwa na mantiki kamili ndani ya mfumo wenyewe: ukishakubali kwamba kitu ni bidhaa ya mtu binafsi, huna tena msingi wa kumkataza asiipeleke kwenye bei nzuri.

(Msomaji wa nchini kwetu anayekumbuka madai ya wananchi wa Mtwara mwaka 2013 kuhusu bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam ataona kufanana fulani. Asifanye haraka. Tanzania Bara haina majimbo yenye mabunge yake, gesi yake ni mali ya umma kisheria, na bomba lile lilijengwa na shirika la umma. Swali la mkoa unaozalisha upate nini ni swali halali, lakini linajibiwa kwa njia nyingine.)

West Virginia ilijaribu mara ya mwisho. Mabomba yake yalikuwa yakiziwasha nyumba na viwanda vya Pittsburgh na miji ya Ohio kwa miaka mingi, na visima vikaanza kudhoofika. Kwa sheria ya Februari 1919, Bunge la jimbo hilo liliyaamuru makampuni yawatosheleze kwanza watumiaji wa West Virginia, na ziada ndiyo ivuke mpaka. Pennsylvania na Ohio zikashitaki, na mwaka 1923 Mahakama ya Juu ikaibatilisha sheria. Tuwe waadilifu hapa: waliokuwa wakiitegemea gesi hiyo huko Pittsburgh hawakuwa mabepari peke yao. Mfanyakazi wa chuma aliyepika na kuota moto kwa gesi ya West Virginia alikuwa na haja ya kweli wakati wa baridi. Mfumo ule ulimfanya awe adui wa mchimbaji wa upande wa pili wa mpaka, huku wote wawili wakilipa kwa kampuni zile zile.

Mwaka uliofuata, 1924, Mahakama ikamaliza kazi kutoka upande wa pili. Iliamua kwamba jimbo linalopokea gesi nalo haliwezi kupanga bei ya jumla ya gesi inayotoka jimbo jingine. Basi jimbo la kisima halina amri, jimbo la jiko halina amri, na serikali ya shirikisho wakati huo haikuwa na sheria yoyote juu ya jambo hilo. Kampuni ikawa imesimama katikati, mahali pasipo na mtawala. Hali hiyo ilidumu hadi Sheria ya Gesi Asilia ya mwaka 1938, iliyotungwa baada ya uchunguzi mrefu uliofanywa na tume ya biashara ya shirikisho kuhusu ukiritimba wa makampuni ya umeme na gesi. Sheria hiyo ilileta udhibiti wa bei, ndiyo. Lakini mwaka 1947 iliongezwa kipengele ambacho makada hawana budi kukikumbuka: kampuni yenye kibali cha shirikisho ikapewa haki ya kutwaa ardhi ya watu kwa njia ya mahakama ili kupitisha bomba. Ile haki ambayo Oklahoma ilijaribu kuwanyima wageni mwaka 1907 sasa ilitolewa kutoka Washington.

Hapo ndipo tunapoweza kulijibu swali letu la mwanzo. Bunge la jimbo lilipokonywa uwezo wa kuamua gesi iende wapi na iuzwe kwa kiasi gani nje. Likabaki na kodi, na polisi, na madaraka juu ya halmashauri ndogo zilizo chini yake. Lenye mambo hayo matatu tu haliwezi kujadiliana na mtaji. Linaweza kuukaribisha tu, likishindana na jimbo jirani ni nani atakayeukaribisha kwa masharti mepesi zaidi. Kuunga mkono mabomba kukawa ndiyo sera pekee iliyobaki mezani, na fedha za uchaguzi zikafuata njia iliyokwisha kuchongwa.

Tazama Pennsylvania. Tarehe 14 Februari 2012 Gavana Tom Corbett alitia saini Sheria Namba 13. Badala ya kodi ya uchimbaji kwa kipimo cha gesi inayotoka, kampuni zilitozwa ada kwa kila kisima. Na halmashauri za miji na vijiji zikanyang'anywa uwezo wa kuamua visima na mitambo ikae wapi. Vijiji vilikwenda mahakamani. Desemba 2013 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilivifuta vifungu vikuu vya kuzibana halmashauri, kwa kutegemea kifungu cha katiba ya jimbo, kilichopigiwa kura na wananchi mwaka 1971, kinachotaja haki yao ya hewa safi na maji safi. Ada ya kisima ilibaki.

Oklahoma yenyewe ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 Bunge lake lilipanga kodi ya mafuta na gesi kwa visima vipya iwe asilimia 2 kwa miezi 36 ya kwanza, badala ya asilimia 7. Mwaka 2017, baada ya maandamano makubwa ya Standing Rock dhidi ya bomba la mafuta, lilitunga sheria ya kulinda mitambo muhimu: anayeharibu anaweza kufungwa hadi miaka 10 na kutozwa faini ya dola 100,000, na jumuiya inayopatikana na hatia ya kushirikiana naye hutozwa mara kumi ya faini hiyo. Sheria hiyo ikawa kielelezo kilichonakiliwa na mabunge mengine. Wakati huo huo walimu wa Oklahoma walikuwa wamekaa miaka kumi bila nyongeza ya mishahara kwa jimbo zima, na katika wilaya nyingi shule zilifunguliwa siku nne tu kwa wiki. Mwishoni mwa Machi 2018, walimu wakiwa wamekwisha kutangaza kugoma, Bunge liliipandisha kodi ya visima hadi asilimia 5. Lilikuwa halijapitisha nyongeza kubwa ya kodi tangu mwaka 1990. Walimu waligoma hata hivyo, tarehe 2 Aprili, wakiona kilichotolewa hakiwatoshi wanafunzi wao.

Na pale jimbo linapokataa? New Jersey ilikataa bomba la PennEast lisipite katika ardhi inayomilikiwa na jimbo lenyewe. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kampuni yenye kibali cha shirikisho inaweza kuitwaa hata ardhi ya jimbo. Bomba hilo halikujengwa; kampuni iliachana nalo Septemba mwaka huo huo, lakini hukumu ilibaki.

West Virginia, iliyotaka mwaka 1919 gesi yake ibaki nyumbani, miaka mia moja baadaye ilikuwa na Seneta wake Joe Manchin akipigania bomba la Mountain Valley, maili 303 za kuipeleka gesi hiyo Virginia. Mahakama zilikuwa zimelisimamisha mara kadhaa kwa sababu ya mito na misitu. Juni 2023 Kongresi iliviidhinisha vibali vyote vya bomba hilo ndani ya sheria ya kuongeza kikomo cha deni la taifa, na ikaziondolea mahakama uwezo wa kuvipitia tena. Gesi ilianza kupita humo Juni 2024.