Picha za kila siku: kutoka mabamba ya Lang hadi simu za Kisangani

Mwaka 1909 wanaume wawili kutoka Marekani walipanda mto hadi Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Herbert Lang, mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa na miaka 30. Mwenzake, James Chapin, ndiyo kwanza anafikisha 20. Walikuwa wametumwa na jumba la makumbusho la viumbe la New York kutafuta wanyama wa msituni, na zaidi ya wote okapi, mnyama ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemjua kwa miaka michache tu. Safari ilipangwa kuwa ya miaka miwili. Lang alirudi kwao mwaka 1915.

Katika muda huo alipiga picha karibu 10,000. Ukizigawa kwa siku za miaka sita, zinazidi nne kwa siku. Na kazi yenyewe haikuwa ya kubonyeza kidole. Mabamba ya kioo yalibebwa kichwani na wapagazi kutoka Stanleyville kuelekea Avakubi, kisha Medje na Niangara. Foto zilisafishwa kambini, katika msitu ambamo hata nguo iliyoanikwa inachelewa kukauka. Joto na unyevu vinaharibu dawa. Kioo kikianguka, siku nzima imepotea.

Lang alikwenda kwa ajili ya wanyama, lakini watu walimvuta. Alipiga wanawake wakisukana nywele, wafinyanzi, wachonga pembe za ndovu, watu wakijenga nyumba, na baraza ya Okondo, chifu wa Wamangbetu. Kila picha iliandikiwa maelezo yake. Kwa hiyo leo mtu anayetaka kujua watu wa Uele na msitu wa Ituri waliishi vipi kabla ya vita kuu ya kwanza, lazima apitie kwake. Inauma kidogo kusema hivyo, maana picha zenyewe ziko New York, na mjukuu wa mtu aliyepigwa Avakubi anahitaji visa ili akaone bamba lenyewe. Jina la Okondo linajulikana mpaka sasa. Majina ya waliobeba masanduku ya vioo ni vigumu kuyapata.

Baadaye serikali ya Ubelgiji iliona faida ya picha za maisha ya kawaida. Baada ya vita kuu ya pili, idara yake ya habari, kupitia Congopresse, ilituma wapiga foto koloni nzima: shule, hospitali, masoko, watoto wenye sare safi. Zilikuwa picha za kila siku, lakini siku zilichaguliwa. Mwenye njaa na mwenye kuchapwa fimbo hawakuwa na nafasi humo. Miaka ya 1950 Joseph Makula, Mkongomani, aliingia katika kazi hiyo iliyokuwa ya wazungu. Sehemu kubwa ya hazina hiyo imehifadhiwa Tervuren, karibu na Brussels.

Picha za wenyeji wenyewe zilibaki wapi? Majumbani. Katika albamu chini ya kitanda, katika sanduku la chuma pamoja na vyeti vya ubatizo, ukutani juu ya kiti cha baba. Mpiga foto wa mtaa alikuja siku ya ndoa, siku ya matanga, siku mtoto alipopata diploma. Kila jamaa ya Makiso au Mangobo ilikuwa na makumbusho yake ndogo, bila mlinzi na bila nakala. Ndiyo maana vita vilipofika viliharibu mambo mengi kuliko kuta.

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani. Watu wa hapa wanaiita Vita ya Siku Sita. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja kuhesabu hasara ulisema raia zaidi ya 760 waliuawa na karibu 1,700 walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika kwa sehemu, zilibomoka au hazikufaa tena kukaliwa. Shule 69 zilipigwa na makombora. Watu 65,000 walikimbia. Anayekimbilia msituni na watoto wawili mkononi habebi albamu.

Miaka ikapita, kesi ikaenda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 majaji waliamua Uganda ilipe milioni 325, ambazo ni milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali na 60 kwa maliasili, kwa mafungu matano ya kila mwaka. Sababu kubwa ya tofauti ile ni ushahidi. Mahakama iliona kwamba ulioletwa haukutosha kuonyesha kwa hesabu kamili nani alipoteza nini, hasa kwa upande wa mali, kwa hiyo ikakadiria jumla. Picha za albamu peke yake zisingebadilisha hukumu ile. Lakini mtu aliyekuwa na jiko, cherehani, baiskeli ya toleka na bati jipya juu ya nyumba, akabaki na maneno tu ya kueleza vitu hivyo, anajua uzito wa karatasi moja yenye tarehe.

Mwaka 2012 Wamarekani wawili, Peter DiCampo na Austin Merrill, walikuwa Côte d'Ivoire kuandika habari za baada ya vita. Walichoka na picha za taabu tupu, wakaanza kupiga kwa simu vitu vya kawaida walivyoviona njiani. Kazi hiyo ikaitwa Everyday Africa, na wapiga picha Waafrika wengi wakaingia. Mwaka 2020 jambo kama hilo lilitokea Kongo karibu kwa lazima. Mpiga picha Finbarr O'Reilly alikuwa ameanza kazi nchini kwa tuzo ya Carmignac, korona ikafunga mipaka. Badala ya kuacha, kazi iligawiwa Wakongomani waliokuwa tayari mahali pao: Arlette Bashizi na Moses Sawasawa wa Goma, Raissa Karama Rwizibuka wa Bukavu, Dieudonné Dirole wa Ituri, na wengine. Bashizi alipiga jamaa yake nyumbani wakati shule zimefungwa. Hakuna msafara, hakuna mpagazi. Aliyepiga na waliopigwa walikula sahani moja.

Kisangani ya leo ina familia zilizotoka Lubunga na vijiji vya ng'ambo ya mto tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipogeuka kuwa mauaji. Wengi walifika na simu, hata kama ni moja kwa nyumba nzima. Ndani yake kuna picha za uwanja, za mwembe, za bibi akitwanga pondu, zilizopigwa bila mpango. Wapo wanaoendelea kupiga hapa walipo.

Jambo moja la ufundi linafaa kujulikana na wenye simu hizo. Picha inayopita WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na taarifa zilizofichwa ndani yake, pamoja na tarehe na mahali ilipopigwa, zinaondolewa. Mpwa wa Kinshasa anapokea sura ya bibi, siku inabaki katika simu ya kwanza. Ikitumwa kama dokima, inafika nzima. Na simu ikiibwa au ikitumbukia mtoni, kinachobaki ni kile kilichoandikwa kwa kalamu katika daftari: tarehe, mahali, jina la kila aliyesimama, na jina la aliyeshika simu.